Kopo la Risiti la Mwenye Lori

Ndugu msomaji, umewahi kukaa kando ya barabara kuu iendayo Tunduma? Wazee wengine bado wanaiita TANZAM. Ukikaa pale Makambako wakati wa jioni utaona malori yamepangana. Yametoka bandarini Dar es Salaam. Mengine yanakwenda Zambia. Mengine yanapita Zambia mpaka Lubumbashi, katika nchi ya Kongo. Yakirudi, mengi hubeba shaba.

Mengi ya malori hayo ni mali ya makampuni. Lakini si yote. Mengine ni ya mtu mmoja. Mtu huyo aliuza ng'ombe au kiwanja, akakopa benki, akanunua kichwa na tela vilivyokwisha kutumika. Sasa anaendesha mwenyewe. Hana bosi na hana mshahara. Kazi ikienda vizuri ni yake, ikiharibika ni yake pia.

Huenda mtu huyo ni wewe. Huenda ni mume wako, au kaka yako, au mwanao.

Makala hii ni ya watu wawili. Wa kwanza ni yule anayeshika usukani. Wa pili ni yule aliyebaki nyumbani, ambaye sasa anajua kusoma, kuandika na kuhesabu. Dereva hukaa njiani wiki mbili au tatu. Usiku amechoka, mchana macho yake yako barabarani. Hesabu za lori haziwezi kumngoja. Kwa hiyo huyu wa pili ndiye mwenye kazi kubwa katika makala hii.

FEDHA INAYOPITA NA FEDHA INAYOBAKI

Dereva akimaliza safari hulipwa fedha nyingi. Tuseme amelipwa shilingi 12,000,000. Majirani wakisikia wanasema, "Yule ni tajiri." Lakini wewe wa nyumbani unajua. Nusu ya fedha hiyo ilikwisha kwenye dizeli. Nyingine ilikwenda kwenye tozo za barabara na za mipakani. Tairi moja lilipasuka. Utingo amelipwa. Benki inadai. Kilichobaki ni kidogo sana.

Sasa jambo la kwanza la kushika ni hili. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inamtoza mfanyabiashara wa namna hii kodi juu ya faida. Haimtozi juu ya fedha yote iliyopita mkononi mwake. Faida ni mapato ya mwaka ukitoa gharama za kazi. Gharama inayotolewa ni ile iliyotumika kwa ajili ya kuzalisha mapato hayo tu. Dizeli ya safari inatolewa. Dizeli uliyompa shemeji kwa ajili ya mashine yake ya kusaga haitolewi.

Lazima niseme neno kabla ya kuendelea. Utaratibu huu wa kutoa gharama ni wa mtu ambaye mauzo yake ya mwaka yamezidi shilingi 100,000,000, au mtu wa chini ya hapo aliyechagua mwenyewe kutunza hesabu kamili. Mfanyabiashara mdogo wa chini ya kiwango hicho huweza kulipa kodi ya makadirio. Kodi hiyo haiangalii gharama zake. Lakini lori kubwa la safari ndefu likifanya kazi mwaka mzima hupita milioni 100 kwa urahisi. Safari 9 tu za shilingi 12,000,000 ni shilingi 108,000,000. Kwa hiyo wenye malori ya safari ndefu wengi wanaingia katika utaratibu wa hesabu kamili, hata kama wenyewe wanajiona ni watu wadogo.

HEBU TUHESABU PAMOJA

Chukua kalamu na daftari. Tutatumia mwenye lori wa mfano. Bei hizi ni za kujifunzia, kwa hiyo usizichukue kuwa ndizo bei za barabarani leo.

Mwenye lori huyu amefanya safari 14 kwa mwaka. Kila safari amelipwa shilingi 12,000,000. Zidisha. Mapato yake yote ni shilingi 168,000,000.

Sasa andika gharama. Dizeli ya kila safari ni shilingi 6,000,000. Kwa safari 14 ni shilingi 84,000,000. Tozo za barabara, za mipakani na za maegesho ni shilingi 1,200,000 kwa safari. Kwa mwaka ni shilingi 16,800,000. Matairi ni shilingi 9,000,000. Matengenezo, oili na vipuri ni shilingi 11,000,000. Bima na leseni za lori ni shilingi 3,400,000. Utingo analipwa shilingi 450,000 kwa mwezi, na kwa mwaka ni shilingi 5,400,000. Riba ya mkopo wa benki ni shilingi 6,000,000.

Jumlisha zote. Umepata ngapi? Kama umepata shilingi 135,600,000 umepatia. Kama hukupata, rudia polepole. Hata waandishi wa gazeti walirudia mara mbili.

Toa gharama hizo katika mapato. Zinabaki shilingi 32,400,000.

Je, hiyo ndiyo faida ya kutozwa kodi? Bado. Lipo jambo moja ambalo wenye malori wengi hulisahau, na ni kubwa.

LORI LINAZEEKA, NA SHERIA INAJUA

Ukinunua jembe leo, baada ya miaka michache limeisha. Lori nalo ni hivyo hivyo. Kila kilomita linayokwenda linakula umri wake. Hakuna anayekuletea risiti ya kuzeeka kwa lori, lakini hasara hiyo ni ya kweli. Siku moja utahitaji lori jingine.

Sheria inakubali jambo hilo na inaliita uchakavu. Malori makubwa na matela yake yamewekwa katika daraja la pili la mali zinazochakaa. Kila mwaka unaruhusiwa kutoa asilimia 25 ya thamani iliyobaki. Malori madogo, yanayobeba chini ya tani 7, yako daraja la kwanza. Hayo hutolewa asilimia 37.5.

Mwenye lori wetu alinunua kichwa na tela kwa shilingi 80,000,000. Robo yake ni shilingi 20,000,000. Basi mwaka wa kwanza anatoa shilingi 20,000,000. Zinabaki 60,000,000. Mwaka wa pili anatoa robo ya hizo 60,000,000, yaani 15,000,000. Zinabaki 45,000,000. Mwaka wa tatu anatoa 11,250,000. Unaona? Kila mwaka kiasi kinapungua, kwa sababu robo inachukuliwa katika kile kilichobaki.

Rudi kwenye daftari. Tulikuwa na shilingi 32,400,000. Toa uchakavu wa mwaka wa kwanza, shilingi 20,000,000. Zinabaki shilingi 12,400,000. Hiyo sasa ndiyo faida ya kutozwa kodi.

Lakini uchakavu hautolewi kwa maneno. Ni lazima uwe na mkataba wa kununulia lori, au hati za forodha kama uliliagiza kutoka nje, zinazoonyesha bei uliyolipa. Watu wengine hununua lori kwa rafiki kwa kupeana mikono. Fedha inahesabiwa mezani, funguo zinatolewa, wanakunywa soda. Miaka mitatu baadaye mkaguzi anauliza, "Lori hili ulinunua kwa shilingi ngapi?" Hakuna karatasi. Soda ile imekuwa ghali sana.

KODI YENYEWE NI KIASI GANI

Kwa Tanzania Bara, viwango vya mtu binafsi vilivyowekwa tangu Julai 2021 ni vya ngazi. Shilingi 3,240,000 za kwanza kwa mwaka hazitozwi kitu. Shilingi 3,000,000 zinazofuata hutozwa asilimia 8, nayo ni 240,000. Shilingi 2,880,000 zinazofuata hutozwa asilimia 20, nayo ni 576,000. Shilingi 2,880,000 nyingine hutozwa asilimia 25, nayo ni 720,000. Hapo umefika faida ya shilingi 12,000,000, na kodi yake ni shilingi 1,536,000. Kila shilingi inayozidi hapo hutozwa asilimia 30.

Mwenye lori wetu ana 12,400,000. Amezidi kwa 400,000. Asilimia 30 ya 400,000 ni 120,000. Kodi yake yote ni shilingi 1,656,000.

Sasa tuseme risiti za dizeli za safari 4 zimepotea. Moja ilichukuliwa na upepo pale kituoni. Nyingine utingo alizitumia kuwashia moto wa chai. Dizeli yenyewe ilinunuliwa kweli, ikachomwa kweli, lori likafika kweli. Lakini hakuna ushahidi. Safari 4 kwa shilingi 6,000,000 ni shilingi 24,000,000. Mkaguzi akizikataa, faida katika karatasi inapanda kutoka 12,400,000 mpaka 36,400,000. Kodi inakuwa shilingi 8,856,000.

Tofauti ni shilingi 7,200,000. Mtu huyu hakupata hata senti moja zaidi ya yule wa kwanza. Amelipa kodi juu ya moshi uliotoka kwenye bomba la lori lake.

Na kama akisahau kudai uchakavu, aongeze shilingi 6,000,000 nyingine. Wapo watu waliouza lori kwa sababu ya madeni ya namna hii, na lori lenyewe lilikuwa linafanya kazi vizuri.

Labda utasema, "Mimi nitakaa kimya. Nani atajua nimepata kiasi gani?" Ndugu yangu, wakala aliyekupa mzigo naye ana hesabu zake. Amekwisha kuandika kwamba amekulipa, maana kwake malipo hayo ni gharama. Mapato yako yanajulikana hata usiposema. Gharama zako ndizo hazijulikani mpaka wewe uzionyeshe.

KOPO, DAFTARI NA KALAMU

Basi tufanye nini? Kazi yenyewe si ngumu. Inataka uaminifu wa kila siku tu.

Tafuta kopo kubwa lenye mfuniko, kama lile la maziwa ya unga. Kopo moja likae ndani ya lori. Jingine kubwa zaidi, au sanduku, likae nyumbani. Kila karatasi ya fedha iliyotolewa njiani iingie katika kopo la lori siku ile ile. Isikae mfukoni mwa shati wala juu ya dashibodi.

Juu ya dashibodi kuna hatari ambayo wengi hawaijui. Risiti za mashine za kodi, ambazo zilianza kutumika nchini mwaka 2010, nyingi hazipigwi kwa wino. Karatasi yake ni ya namna ya pekee. Maandishi hutokea kwa joto la mashine. Kwa sababu hiyo joto na jua huiharibu pia. Ukiiacha kwenye kioo cha mbele cha lori kutoka Mikumi mpaka Mbeya, inaweza kugeuka nyeusi au kufutika kabisa. Unabaki na karatasi tupu. Kwa hiyo dereva akifika nyumbani, au akifika mji wenye duka la kudurufu, atoe nakala za risiti kubwa. Nakala ibanwe pamoja na risiti yenyewe. Akiwa na simu ya kupiga picha, azipige picha na kutuma nyumbani jioni ile ile.

Wa nyumbani ana daftari. Gawa ukurasa kwa mistari. Andika tarehe, mahali, kitu kilicholipiwa, jina la aliyelipwa, na kiasi. Kila safari ipewe namba yake. Safari ya 1, safari ya 2, na kuendelea. Upande wa juu andika mzigo ulitoka wapi na ulikwenda wapi, na malipo yaliyopatikana. Chini yake zifuate gharama za safari hiyo. Mwisho wa safari piga jumla. Utaona wewe mwenyewe safari ipi ilileta faida na ipi ilikuwa ya kuchosha matairi bure. Jambo hilo lina faida hata kama kodi isingekuwapo.

Dereva, wewe nawe una la kufanya. Unaponunua dizeli, dai risiti kabla ya kuwasha injini. Mwambie mhudumu wa pampu aingize jina lako na namba yako ya mlipa kodi, ile inayoitwa TIN. Risiti isiyo na jina inaweza kuwa ya mtu yeyote. Isome pale pale. Je, kiasi ni kile ulicholipa? Je, tarehe ni ya leo? Wapo wanaokupa risiti ya mtu aliyepita asubuhi. Na wapo wanaouza risiti za uongo kando ya barabara. Usinunue. Kudai gharama ambayo hukutumia ni kosa, na adhabu yake ni kubwa.

Ukivuka mpaka, karatasi hubadilika. Zambia zimeandikwa Kiingereza na fedha ni kwacha. Kongo zimeandikwa Kifaransa. Usizitupe kwa sababu huzielewi. Nyuma ya kila karatasi andika kwa Kiswahili ni ya nini: "tozo ya barabara," "maegesho," "daraja." Andika pia ulilipa kiasi gani kwa fedha ya kule, na ni sawa na shilingi ngapi siku hiyo. Ukingoja mpaka mwisho wa mwaka hutakumbuka.

Wa shida zaidi ni fundi pancha wa porini. Hana mashine wala kitabu. Analala chini ya mbuyu na pampu yake. Mwombe aandike katika kidaftari chako jina lake, mahali, tarehe, kazi aliyofanya na kiasi, kisha atie sahihi. Kama hajui kuandika, mwandikie, naye aweke dole gumba. Lakini usitegemee kwamba karatasi za namna hiyo zitakubaliwa zote. Kwa hiyo vitu vya fedha kubwa, kama matairi mapya, gia boksi au betri, vinunue kwa mwenye mashine ya risiti, hata kama bei yake imezidi kidogo. Tumekwisha kuona risiti moja inaweza kuwa na thamani gani.

YASIYOTOLEWA

Watu huuliza sana juu ya faini. Lori limezidisha uzito, limekamatwa kwenye mizani ya Vigwaza au Mikese, umelipa. Je, hiyo si gharama ya kazi? Faini unayolipa Serikali kwa kuvunja sheria haitolewi katika mapato. Faini ya mwendo kasi ni hivyo hivyo. Ukiilipa, imetoka katika faida yako mwenyewe. Tangu mwaka 2019 Tanzania inafuata sheria ya uzito ya Afrika Mashariki, na lori lenye ekseli nyingi kabisa haliruhusiwi kuzidi tani 56 pamoja na mzigo wake. Pima kabla ya kuondoka.

Na hongo? Sheria imeitaja waziwazi. Haitolewi. Sijapata kuona mtu aliyeomba risiti yake, lakini ni vizuri ujue.

Fedha ya mkopo ina sehemu mbili, na watu wengi huzichanganya. Riba inatolewa. Fedha yenyewe unayorudisha benki haitolewi, kwa sababu ulipoipokea haikuhesabiwa kuwa mapato. Omba benki ikupe taarifa ya mwaka inayotenga riba peke yake.

Matengenezo yanatolewa, lakini kulibadili lori liwe bora kuliko lilivyokuwa ni jambo jingine. Ukibadilisha springi zilizovunjika, hayo ni matengenezo. Ukilirefusha tela ili libebe mzigo zaidi, hiyo ni kuongeza mali. Fedha yake huongezwa kwenye thamani ya lori, nawe utaitoa kidogo kidogo kwa njia ya uchakavu.

Kodi ya mapato yenyewe haitolewi kuwa gharama. Ada za shule za watoto, bati za nyumba na karo ya ukumbi wa harusi hazitolewi. Hata kama zimelipwa kwa fedha ya lori, si gharama za lori.

Na chakula cha dereva? Hapo pana ugumu. Sheria inasema matumizi ya mtu ya kujitunza mwenyewe na familia yake si gharama ya biashara. Utingo ni mfanyakazi wako, na malipo yake ni gharama, ila uyaandike vizuri na kukata kodi yake ya mshahara kama inavyotakiwa. Wewe mwenye lori hujiajiri kwa mshahara. Wali wako pale Ilula unauhesabu wapi? Nchi nyingine wameliwekea jambo hili kiwango. Marekani, kwa mfano, dereva mwenye lori lake akiwa safarini mbali na makao yake ya kazi anaweza kutumia kiwango cha dola 80 kwa siku nzima kwa chakula, kilichowekwa tangu Oktoba 2024, na asilimia 80 ya hizo hutolewa katika mapato yake. Mimi naona ni utaratibu mzuri, maana mtu akiwa njiani siku 20 hawezi kula kwa bei ya nyumbani. Lakini sisi tufuate sheria tuliyo nayo. Usiingize sahani za wali katika hesabu za dizeli. Muulize mhasibu wako.

Ndiyo, utahitaji mhasibu.  Ada yake ni gharama ya kazi, nayo inatolewa. Ukimpelekea daftari safi na makopo ya risiti yaliyopangwa kwa safari, kazi yake ni nyepesi na unaweza kuzungumza naye juu ya bei. Ukimpelekea gunia la karatasi zilizokunjamana, atakutoza kwa jasho lake. Hawezi kukutengenezea risiti usizokuwa nazo.

TAREHE ZA KUKUMBUKA

Mwaka wa kodi wa mtu binafsi ni mwaka wa kalenda, Januari mpaka Desemba. Mwanzoni unakadiria faida yako na kupeleka makadirio hayo kwa Mamlaka ya Mapato, yaani TRA, kabla ya mwisho wa Machi. Kodi hiyo unailipa kwa mafungu manne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Kisha hesabu kamili za mwaka uliokwisha hupelekwa mpaka tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata.

Makadirio yanaweza kurekebishwa. Tuseme mwezi Mei injini imekufa, lori limelala gereji miezi miwili. Faida haitakuwa ile uliyoidhani mwezi Machi. Usiendelee kulipa mafungu yale yale huku unakopa kwa majirani. Nenda ofisi ya TRA na daftari lako, ueleze, upeleke makadirio mapya. Na kama mwaka umeisha kwa hasara, iandike na uipeleke vile vile. Hasara iliyothibitishwa hupelekwa mbele na kupunguza faida ya mwaka ujao. Hasara isiyoandikwa inabaki kuwa hadithi ya kusimulia kwenye kahawa.

Jambo la mwisho ni makopo yenyewe. Mwaka ukiisha usiyachome moto kwa furaha ya kumaliza. Sheria inataka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka mitano. Funga risiti za kila mwaka katika mfuko wa nailoni ili unyevu usiingie. Andika mwaka juu yake kwa herufi kubwa. Weka juu, mbali na panya na mchwa, na mbali na jiko. Hati ya kununulia lori ikae peke yake, pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, maana hiyo utaihitaji kila mwaka mpaka lori litakapouzwa.

Na mama, kama mumeo ataondoka kesho alfajiri kwenda Kasumbalesa, mpe kopo tupu usiku huu. Ndani yake weka kalamu na kidaftari kidogo kwa ajili ya yule fundi pancha.